Ukiwa ugenini, hata kupigiwa simu hulipiwa

MSAFIRI akishavuka mpaka, simu yake ya mkononi huweza kumla fedha hata asipoigusa. Wengi hulitambua hilo salio linapokwisha ilhali wao hawajampigia mtu yeyote.

Sababu yenyewe si ngumu. Nchini Kenya gharama humwangukia anayepiga. Lakini laini yako ikiwa ng'ambo, anayekupigia kutoka Nakuru hutozwa kana kwamba bado uko nchini, kwa kuwa hana njia ya kujua umesafiri. Gharama ya kuyafikisha mazungumzo hayo kutoka Kenya hadi uliko waibeba wewe uliyepokea. Kampuni ya ugenini huitoza ya nyumbani kwa kutumia mitambo yake, nayo ya nyumbani hukudai wewe. Utaratibu huu ndio uitwao romingi.

Mtego mbaya zaidi ni huduma ya ujumbe wa sauti. Usipopokea, simu huweza kurudishwa Kenya ili anayepiga aache ujumbe, nawe ukatozwa kwenda na kurudi. Izime kabla ya kuondoka.

Ndani ya Afrika Mashariki mambo yamekuwa nafuu. Mnamo Septemba 2006 kampuni ya Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania, wateja wakawa wanapokea simu bila malipo katika nchi hizo tatu. Mwaka wa 2014 serikali za Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha eneo la mtandao mmoja, zikaondoa ada ya kupokea simu na kuweka kikomo cha bei ya kupiga. Sudan Kusini nayo ikajiunga. Tanzania haikuwa miongoni mwa waasisi, hivyo anayeelekea Arusha aulize kampuni yake kwanza. Hata Kampala, nafuu hiyo ilianza na mazungumzo. Bei ya data iulizwe kando.

Wakazi wa Busia na Namanga wana kero yao: simu huweza kunasa mawimbi ya nchi jirani mwenyewe akiwa dukani kwake. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio na kuchagua mtandao wa Kenya badala ya kuiachia simu ichague.

Kwa safari za mbali, heri kununua laini ya huko huko. Beba pasipoti, kwani nchi nyingi husajili wanunuzi, na uhakikishe simu yako haikufungiwa kampuni moja. Anayezuru Ulaya ana bahati: tangu Juni 15, 2017, laini iliyonunuliwa Ufaransa hutumika Ujerumani au Italia bila ada ya ziada, mradi matumizi yasipite kiasi. Uswisi haimo katika mpango huo, na Uingereza ilijiondoa katika Umoja wa Ulaya.

Jamaa walio Dubai wanajua kwamba kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa huko kwa miaka mingi, ingawa ujumbe wa maandishi hupita. Familia zipange mapema zitawasiliana vipi.

Usiitupe laini ya Kenya, hata hivyo. M-Pesa na benki hutuma arafa za uthibitisho kwayo, na kupokea arafa kwa kawaida hakulipishwi. Simu ya laini mbili yafaa hapa: ya nyumbani ibaki kwa arafa, data yake ikiwa imezimwa kabisa, kwa maana programu hujisasisha zenyewe usiku na kumaliza pesa. Simu nyingi mpya hukubali pia laini isiyo na kadi, unayoweza kuinunua kwenye intaneti kabla ya kupanda ndege.

Nambari za jamaa zihifadhiwe zikianza na +254, la sivyo hazitapatikana ukiwa nje. Na ndani ya ndege au meli, zima mtandao wa simu: mawimbi ya huko hupitia setilaiti, na bei yake ni ya kutisha.