Mashine ya hatua mfululizo ya kujaza risasi
Mashine ya hatua mfululizo ya kujaza risasi ni mtambo wa mkono unaotumiwa hasa na walenga shabaha wa Marekani kutengeneza risasi upya kwa maganda yaliyokwisha kufyatuliwa. Mfano wake ni RL 550 ya kampuni ya Dillon Precision ya Arizona.

Maganda hukaa kwenye sahani inayozunguka. Mkono wa mashine unapovutwa, kila ganda hupata hatua yake: kurudishwa kipimo na kutolewa kiwashio cha zamani, kuwekwa kiwashio kipya, kutiwa baruti, kuwekwa kichwa na kubanwa mdomo. Sahani ikishajaa, kila mvuto hutoa risasi moja kamili.

Marekebisho hufanywa kituo kimoja kimoja, ganda moja tu likiwa ndani. Baruti hupimwa kwa mizani mara kadhaa na kulinganishwa na kitabu cha vipimo. Urefu wa risasi nzima hupimwa pia. Kwa risasi ya 9×19 mm hauzidi milimita 29.69.

Hatari kubwa ni ganda kutiwa baruti mara mbili, jambo linaloweza kupasua silaha, au kutotiwa kabisa, hivyo kichwa kukwama ndani ya mtutu. Katika RL 550 sahani huzungushwa kwa mkono. Anayesahau kuizungusha anaweza kutia baruti mara mbili. Kwa hiyo kila ganda hutazamwa ndani kabla ya kuwekwa kichwa.