Kinga Mbili, Zoni na Kitalu

Kiswahili kina neno linaloweza kumtia wasiwasi mpangaji wa viwanda: kinga. Katika ngeli ya i-zi ni hifadhi, kizuizi. Katika ngeli ya ki-vi ni kijinga, yaani ukuni ulioshika moto. Hicho cha pili ndicho wahenga walichokitaja: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mhandisi anayepanga umbali kati ya matangi mawili ya spiriti anaifuata methali hiyo kinyumenyume. Akivitenganisha vinga, amejenga kinga.

Chukua mfano wa Mayoni, huko Matungu katika Kaunti ya Kakamega. Ni nchi ya miwa, na jirani yake ni Mumias, ambako kiwanda cha sukari kilijengewa mtambo wa kutengeneza ethanoli kutokana na molasi mwaka 2012. Mkulima wa huko anaujua moto wa shambani: huonekana kwa mbali, na ukikuta njia pana iliyofyekwa huishia hapo. Moto wa ethanoli una tabia nyingine. Mwali wake ni hafifu, na mchana unaweza usiuone kabisa. Povu la kawaida la zimamoto huvunjika likigusana na ethanoli, hivyo hutakiwa povu linalostahimili alkoholi. Ethanoli safi hutoa mvuke unaoweza kuwaka kuanzia nyuzi 13 hivi za Selsiasi. Kwa joto la Mayoni, maana yake ni kila siku. Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kuingia mitaroni. (Wapika chang'aa hawahitaji mhandisi wa kuwaambia jinsi mvuke unavyorukia moto.)

Hapo ndipo istilahi inapoanza kutusumbua. Mfasiri akiletewa mwongozo wa usalama wa mtambo kama huo ataona wepesi kuandika “ukanda wa moto” kila mahali, kumbe mambo ni mawili.

La kwanza ni zoni 0, 1 na 2 za umeme. Zinapima muda wa kuwapo kwa mvuke unaoweza kuwaka, kuliko mahali. Ndani ya tangi, juu ya kimiminika, mvuke upo karibu wakati wote: zoni 0. Penye tundu la kupumulia, mvuke hutokea mara kwa mara katika kazi ya kawaida: zoni 1. Pale unapotokea kwa nadra na kutoweka upesi ni zoni 2. Kwa hesabu hiyo huchaguliwa taa, swichi na mota zisizoweza kuuwasha. Vumbi nalo lina zoni zake, 20 hadi 22, na wenye viwanda vya sukari wasilidharau: tarehe 7 Februari 2008 vumbi la sukari lililipuka Port Wentworth, Georgia, Marekani, likaua watu 14.

La pili ni eneo ambalo moto, ukishawaka, hautarajiwi kulivuka. Mipaka yake ni nafasi kati ya mitambo, kuta zinazozunguka matangi, mteremko wa mitaro na barabara ya gari la zimamoto. Maji ya akiba hukadiriwa kwa kuangalia eneo litakalohitaji mengi zaidi. Mpangaji wa zoni anataka moto usizaliwe. Mpangaji wa eneo hili la pili anakubali kwamba umeshazaliwa.

Ukanda, kwa masikio yangu, ni kitu kirefu chembamba, kama ukanda wa pwani. Hautoshi kwa lolote kati ya hayo mawili. Zoni ibaki zoni, kwani mafundi wa umeme wameshaizoea. Eneo la pili tuliite kitalu cha moto. Kitalu kina ua, kina mwisho. Atakayelalamika kwamba kinanukia miche akumbuke kuwa Watanzania wanagawa vitalu vya gesi baharini, na hakuna anayetafuta miche humo.

Wanaotunga kamusi za usalama kazini, tafadhali msiyachanganye maneno haya. Fundi akisoma “ukanda wa moto” ukutani, lazima ajue kama anakatazwa kuwasha kitu au anaonyeshwa moto utakapokomea.