Kofia Isiyoonyesha Mshono

Nilianza kudarizi kofia nikiwa na miaka 12, barazani kwa bibi yangu, Unguja. Kofia yetu ya mkono ni viua: vitundu vinavyotobolewa kwenye kitambaa cheupe na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja, na kofia njema hula miezi. Mwenye jicho akiitazama hujua kaishona nani. Kwa hiyo mwanangu aliponiletea kofia nyekundu kutoka Tunis, jambo la kwanza niliigeuza ndani nje kutafuta mshono. Sikuuona. Ilikuwa nzito, laini kama sikio la mwanambuzi.

“Imefumwa kwa mkono, mama,” akaniambia. Sikumwamini.

Wenyewe huiita sheshia. Ni ndugu mfupi wa tarbushi, ile ndefu yenye shada iliyovaliwa na askari wa KAR (King's African Rifles) enzi za Mwingereza. Ufundi wake ulistawi Tunis baada ya 1609, Mfalme Felipe III wa Uhispania alipoanza kuwafukuza Wamorisko, wazao wa Waislamu waliolazimishwa kubatizwa. Maelfu walishukia Tunis, na mtawala Uthman Dey akawapokea. Walikuwa wamepokonywa nyumba na mashamba. Kazi ya mikono hakuna aliyeweza kuwapokonya.

Safari ya kofia hiyo huanza majumbani. Wanawake, hasa wa Ariana, huifuma kwa sufu nyeupe, kubwa kupita kichwa chochote. Kisha hupelekwa El Batan, kando ya mto Medjerda, ikakandwa kwa maji moto na sabuni mpaka isinyae. Unywele wa sufu una magamba madogo mno; joto na sabuni huyafumbua, msuguano ukayafunganisha, na vitanzi vyote vikamezwa. Halafu huchanwa kwa vichwa vikavu vya mbigili hadi itoe manyoya. Rangi ilitiwa Zaghouan, kwenye chemchemi zinazosifiwa kwa maji yake. Mwisho hurudi Tunis, katika soko la mafundi wa sheshia, na hao ndio wenye maduka na jina. Mfumaji hana alama hata moja ndani ya kofia. Hilo limenikaa moyoni kuliko habari zote za masultani.

Masultani nao walikuwa na neno. Mwaka 1829 Mahmud II wa Istanbul aliwaamuru watumishi wa dola yake wavae tarbushi, na viwanda vya Austria na Ufaransa vikaingia sokoni na kofia za mashine, za bei ndogo. Mwaka 1925 Uturuki ikaipiga marufuku tarbushi. Soko la Tunis likanywea, lakini halikufungwa.

Nilitaka kuona kwa macho yangu vitanzi vinavyomezwa. Mara ya kwanza nilifuma kwa nyuzi za dukani. Nikasugua hadi vidole vikauma, hazikushikana, kwani ni za plastiki. Mwanangu akanitafutia sufu ya kondoo. Nikafuma kofia iliyonishuka hadi mabegani, nikaiweka kwenye beseni, nikaikanda toka adhuhuri hadi alasiri, nikibadilisha maji kila yalipopoa. Nilipoikamua vitanzi vyangu vilikuwa vimekwisha kupotea, na kofia ikamtosha mjukuu wangu wa miaka miwili. Ukingoni, kwa ndani, nimemtilia kiua kimoja kwa uzi mweupe.