Mwanga wa f/2.8 ulivyoshuka bei hadi Kahama

Mwaka 1959 kampuni ya Voigtländer ya Ujerumani iliingiza sokoni kitu ambacho wapiga picha hawakuwahi kukiona: lenzi ya zumu kwa kamera za picha mnato za filamu ya milimita 35. Iliitwa Zoomar. Ilibuniwa na Frank Back, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, na ikatengenezwa katika kiwanda cha Kilfitt mjini Munich. Ilivuta kutoka milimita 36 hadi 82, na tundu lake lilifunguka hadi f/2.8 mwanzo hadi mwisho wa mvuto.

Yaani zumu ya kwanza kabisa ya picha mnato ilizaliwa na kile ambacho mpiga picha wa harusi wa Kahama au Katoro anakitafuta hadi leo. Teknolojia ilikuwepo, ila bei na ubora havikuwepo, na ilichukua zaidi ya miaka 40 kuvipata vyote viwili katika lenzi moja ambayo mtu wa kipato cha kawaida angeweza kuinunua.

Kwa nini f/2.8? Namba hiyo hupima upana wa tundu la kupitishia mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni pana. Lenzi inayokuja na kamera nyingi za DSLR, yaani za dijitali zenye kioo cha ndani, ile ya milimita 18 hadi 55, huanza na f/3.5, lakini ukivuta hadi mwisho inabana mpaka f/5.6. Kati ya f/5.6 na f/2.8 mwanga huongezeka mara nne. Chukua ukumbi wa harusi saa tatu usiku, taa za rangi zimewashwa, bibi harusi anaingia akicheza. Pale ambapo f/5.6 inakulazimisha kupiga kwa kasi ya sehemu 1/15 ya sekunde, f/2.8 inakupa 1/60. Kwa 1/15 uso wa bibi harusi hauonekani, ni ukungu wenye shela. Kwa 1/60 unapata picha ya kuuza.

Zamani jambo hili halikumsumbua mtu. Katika studio za miji kama Shinyanga na Mwanza, mteja ndiye aliyemfuata mpiga picha. Alikaa mbele ya pazia lililochorwa, taa zikawashwa, akaambiwa anyanyue kidevu. Mwanga ulikuwa wa mwenye studio, na umbali ulipimwa kwa miguu. Zumu ya nini? Hata Nikon ilipotoa zumu yake ya milimita 43 hadi 86 mwaka 1963, tundu lake liliishia f/3.5, na picha zake zilijulikana kwa kupinda mistari na kufifia pembeni. Iliuzwa sana, lakini ikawaachia wapiga picha wa habari sababu nzuri ya kuendelea kubeba lenzi mbili tatu zisizo na zumu shingoni.

Haja ya kweli ilikuja pale mpiga picha alipotoka studio kumfuata mteja ukumbini. Na huku kwetu kilichomtoa ni dhahabu. Mgodi wa Geita, uliowahi kuchimbwa tangu enzi za mkoloni na kufungwa miaka ya 1960, ulizinduliwa upya mwaka 2000. Bulyanhulu ukaanza uzalishaji 2001, Buzwagi 2009. Pembeni yao wachimbaji wadogo walikuwa hawajaondoka kamwe: Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na kila mahali palipotangazwa rashi, yaani dhahabu mpya ya kukimbilia. Fedha ya duara, yaani ya shimo la mchimbaji mdogo, haikai sana mfukoni. Ikitoka, kuna kumtoa mwali, kuna send-off, kuna harusi, kuna nyumba inayofunguliwa, na kila shughuli inataka picha za kukumbukwa. Kahama ambayo wazee wanaijua kama mji wa mpunga na lori za kwenda Rwanda na Burundi ilipanda hadi kuwa manispaa mwaka 2021.

Bahati nzuri, miaka hiyohiyo ndiyo kamera za dijitali ziliposhuka bei. Canon EOS 300D ya mwaka 2003 ilikuwa DSLR ya kwanza kuuzwa chini ya dola 1,000. Ilikuja na ile lenzi yake nyepesi ya 18 hadi 55. Miaka mitano baadaye ikaja 450D, kamera ambayo bado utaikuta mikononi mwa watu, na ISO yake, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, iliishia 1600. Vijana wenye kamera za leo zinazopanda hadi 12800 bila chenga nyingi hawajui shida hiyo. Kamera haikuweza kukuongezea mwanga, kwa hiyo ulibaki na njia mbili: flashi, au lenzi yenye tundu pana. Flashi ina adabu zake. Mapadri na wachungaji wengi hawaitaki wakati wa kiapo, na ukumbi wenye dari refu na jeusi hauna pa kuigongesha.

Wakati huo lenzi za zumu za f/2.8 zilikuwepo, tena nzuri sana. Canon walikuwa na 28 hadi 70 tangu 1993 na 24 hadi 70 tangu 2002. Toleo la pili la hiyo ya mwisho lilipotangazwa Februari 2012, bei yake ilikuwa dola 2,299, ambayo kwa kiwango cha siku zile ilizidi shilingi milioni 3.5 kabla ya usafiri na kodi. Hata zile zilizotengenezwa mahususi kwa kamera za kihisi (kipokea mwanga) kidogo, yaani Nikon 17 hadi 55 ya mwaka 2003 na Canon 17 hadi 55 ya mwaka 2006, zote ziliingia sokoni zikizidi dola 1,000. Kamera yenyewe ilikuwa rahisi kuliko lenzi.

Ukombozi ulitoka kwa kampuni ambazo wenye majina makubwa walikuwa wakizitazama kwa jicho la pembeni. Tamron ilianzia mjini Urawa, Japani, mwaka 1950. Sigma ilianzishwa na Michihiro Yamaki mwaka 1961. Kazi yao ilikuwa kutengeneza lenzi zinazoingia kwenye kamera za watu wengine na kuziuza kwa bei pungufu. Kwa muda mrefu sifa yao ilikuwa ya bei kuliko ubora. Kilichobadilisha mambo ni hesabu moja ya kimaumbile. Kihisi cha kamera za kawaida za Canon na Nikon ni kidogo kuliko fremu ya filamu, kiasi kwamba lenzi huonekana kama imeongezwa urefu mara 1.6 kwa Canon na mara 1.5 kwa Nikon. Kihisi kidogo kinahitaji duara dogo la picha, na duara dogo linaruhusu vioo vidogo, vyepesi na vya bei ya chini. Ongeza hapo vioo vya umbo lisilo la mviringo kamili, ambavyo viwanda vilikuwa vimejifunza kuvimimina kwa kalibu badala ya kuvisugua kimoja kimoja, na mlango ukafunguka.

Mwaka 2006 Tamron wakatoa 17 hadi 50 ya f/2.8. Uzito wake haukufika nusu kilo, wakati ile ya Nikon ilikuwa gramu 755, na Marekani iliuzwa chini ya dola 500. Nathubutu kusema hakuna lenzi nyingine iliyomfaa zaidi mpiga picha wa mji mdogo. Milimita 17 zinatosha kuingiza ukoo mzima kwenye picha ya pamoja mbele ya kanisa, na anayejua ukoo wa Kisukuma ukikusanyika anajua hilo si jambo dogo. Milimita 50 zinatosha kwa uso wa bwana harusi akifutwa jasho. Mwaka 2009 likaja toleo lenye kizuia mtikisiko, na 2010 Sigma wakajibu kwa 17 hadi 50 yao, nayo ikiwa na kizuia mtikisiko na mota tulivu zaidi.

Video nayo ikasukuma. Canon 5D Mark II ya mwaka 2008, kisha 550D ya mwaka 2010, ziliwafanya wapiga picha mnato kuwa wapiga video pia. Kwenye video tundu lisilobadilika lina faida ya pekee: unavuta kutoka kwa wazazi hadi kwenye keki bila picha kuingia giza katikati ya safari.

Upande wa habari mambo yalikuwa hayohayo. Novemba 2015, pale Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano waliofukiwa walitolewa hai kutoka ardhini baada ya siku 41. Januari 2017, mkoani Geita, watu 15 waliokolewa kwenye mgodi uliowafukia. Mpiga picha anayesimama mdomoni mwa duara anapambana na jua kali juu na giza totoro chini kwa wakati mmoja, na hana nafasi ya kubadilisha lenzi katikati ya vumbi na watu wanaosukumana. Kwa waandishi wa mitandaoni, ambao Shinyanga inao tangu zamani, gharama haikuwa ya vifaa peke yake. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu walipe zaidi ya shilingi milioni mbili za maombi na leseni. Fedha hiyo ingenunua lenzi ya aina hii na chenji ikabaki.

Lakini tusidanganyane: si kila kazi inaitaka. Shimo la wazi la Geita saa sita mchana lina mwanga wa kumwaga, na lenzi ya bure iliyokuja na kamera, ukiibana hadi f/8, itatoa picha ambayo mhariri hataitofautisha. Ngoma za sherehe ya Bulabo kule Bujora, Mwanza, huchezwa juani. Mechi za Stand United uwanja wa CCM Kambarage zinataka lenzi ndefu, si hii. Anayepiga picha za pasipoti mbele ya kitambaa cha bluu hana haja nayo kabisa.

Kwa anayeihitaji, wakati huu ni mzuri kuliko wowote. Canon na Nikon wamehamia kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, tangu zile za EOS R na Z za mwaka 2018, na wenye uwezo Dar es Salaam, Nairobi na Dubai wanauza lenzi zao za DSLR. Za mtumba zinafika Kariakoo na Mwanza.

Ukiishika mkononi, anza na mota. Kamera ndogo za Nikon, kuanzia D40 ya mwaka 2006 hadi D3000, D5000 na wadogo zao, hazina mota ya fokasi ndani. Tamron za mwanzo za Nikon nazo hazina. Ukiziunganisha hizo mbili, fokasi itakuwa ya mkono. Dalili ni tobo dogo lenye umbo la kichwa cha bisibisi kwenye kitako cha lenzi: likiwepo bila mota, mwachie mwenye D90 au D7000. Kisha mulika tochi ya simu ndani ya vioo. Punje za vumbi zisikutishe. Shinyanga ya kiangazi haina lenzi isiyo na vumbi, na picha haizioni. Nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni kuvu, na hiyo irudishe papo hapo hata kama muuzaji anapunguza bei. Tazama pia mabamba ya tundu yasiwe na mafuta. Mwisho bandika gazeti ukutani, weka milimita 50, fungua f/2.8, piga. Maandishi ya kushoto yakiwa makali na ya kulia yakiwa na ukungu, vioo vimekaa upande.

Kuna watakaokushauri Tamron 28 hadi 75 ya mwaka 2003 kwa kuwa ni rahisi zaidi. Ni lenzi safi kwenye kamera za kihisi kikubwa kama 5D au 6D. Kwenye kamera ya kihisi kidogo inaanzia mbali mno, na kwenye sebule ya Nyarugusu utaishia kupiga nusu ya familia huku mgongo wako ukiwa ukutani.

Hukumu yangu basi ni hii. Mwenye Canon ya kihisi kidogo na anayepiga harusi usiku achukue Sigma 17 hadi 50. Asiyeimudu achukue Tamron ya kwanza, ile isiyo na kizuia mtikisiko, kwani kizuia mtikisiko hutuliza mkono wako tu na hakimtulizi anayecheza, na wengi tuliolinganisha picha za lenzi hiyo tunaiona kali kuliko mdogo wake wa 2009. Mwenye Nikon ahakikishe mota kwanza. Na yeyote anayefikiria kuuza 450D yake ili anunue kamera mpya yenye lenzi ileile ya f/5.6, abaki na kamera yake, anunue lenzi.