Meksiko Kwenye Sahani ya Katesh

Sahani ya mchana katika hoteli ndogo ya Katesh, wilayani Hanang, au ya Mbulu mjini inajulikana: ugali, maharage, kachumbari, na pilipili pembeni kwa anayeipenda. Mahindi, maharage, nyanya na pilipili vyote vilikuwa vikilimwa na kuliwa Meksiko kabla meli yoyote ya Ulaya haijavuka Bahari ya Atlantiki. Hata kachumbari yenyewe, yaani nyanya na kitunguu vilivyokatwakatwa, pilipili na ndimu, Mmeksiko angeitambua kwa jicho moja na kuuliza tu giligilani iko wapi.

Mahindi yalitokana na nyasi ya mwituni katika bonde la mto Balsas, kusini mwa Meksiko, miaka 9,000 hivi iliyopita. Wareno ndio wanaotajwa kuyaleta pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16, na kutoka pwani yakapanda bara polepole. Yalipofika nyanda za juu za Mbulu, hayakukuta ardhi tupu. Wairaqw wa Irqwa Da'aw, au Mama Isara kama wengi wanavyoiita, walikuwa na mtama na ulezi wao, samadi ya ng'ombe wao, na mashamba ya miteremkoni yaliyotunzwa kwa jembe na kwa subira.

Lowe Börjeson wa Chuo Kikuu cha Stockholm aliandika historia ya kilimo hicho mwaka 2004. Alipinga hoja ya siku nyingi kwamba Wairaqw walilima kwa bidii vile kwa sababu tu walibanwa milimani na majirani wafugaji. Alichokiona ni kazi iliyojengwa kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi. Hilo linafaa kukumbukwa mtu anapokaa mezani, kwa sababu mgeni kama mahindi hapati makao bila mwenyeji anayejua udongo wake.

Na mwenyeji huyo aliyapanda vizuri. Katika mashamba mengi ya Mbulu mahindi na maharage huota pamoja, na maboga hutambaa chini yake. Wakulima wa Meksiko wana shamba la aina hiyo hiyo tangu enzi za kale, nao huliita milpa. Bua humpa mharage mahali pa kupanda, mharage hurutubisha ardhi, boga hufunika udongo usikauke.

Jikoni ndipo njia zilipoachana. Mpishi wa Meksiko huchemsha punje katika maji ya chokaa, huziacha zilale humo, kisha huzisaga kupata donge la kutengenezea chapati zao za mahindi. Chokaa hulainisha ganda, tena hufungua vitamini ambayo mwili usingeipata katika mahindi matupu. Mbinu hiyo haikusafiri pamoja na mbegu. Italia ya kaskazini na majimbo ya kusini mwa Marekani yalilipa kwa ugonjwa wa pelagra, uliowaandama maskini walioishi kwa mahindi peke yake. Mlo wa mahindi pamoja na maharage na maziwa, kama unavyoliwa Mbulu na Hanang, humpa mtu kinga ambayo wale maskini hawakuwa nayo.

Kuhusu ladha, watu wa huku hawajawahi kuwa wanyonge. Ukame wa miaka ya 1970 ulipoilazimisha Tanzania kuagiza chakula, yaliingia mahindi ya njano kutoka Marekani. Wananchi wakayapa jina la Yanga, kwa rangi za klabu ya Young Africans, wakala kwa sababu ya njaa huku wakilalamika. Mahindi meupe yalikuwa yamekwisha kuwa kipimo cha ugali. Huko Meksiko mahindi ya njano, ya buluu na mekundu yana heshima yake, kila moja na chakula chake.

Hanang ina sura nyingine ya hadithi hii, na ni sura chungu. Kuanzia mwaka 1970 hivi, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika tambarare za Basotu. Ilikuwa miaka ambayo mbegu fupi za ngano zilizozalishwa Meksiko na Norman Borlaug, aliyepata Nobeli ya Amani mwaka huo huo wa 1970, zilikuwa zikisambaa duniani. Ekari zinazokadiriwa kufikia 100,000 ziliingia kwenye mashamba hayo, na nyingi zilikuwa malisho ya wafugaji Wabarabaig, tena malisho bora. Wanakijiji wa Mulbadaw waliishtaki NAFCO, wakashinda Mahakama Kuu mwaka 1984, kisha Mahakama ya Rufani ikawanyang'anya sehemu kubwa ya ushindi huo. Mkate uliotoka Basotu uliliwa zaidi mijini. Mfugaji aliyepoteza nyasi hakufidiwa kwa chapati, na hesabu hiyo haijafungwa.

Basi anayetaka kuzipima hoteli za Katesh, Dongobesh, Haydom na Mbulu asianzie kwenye chipsi. Chipsi za barabarani zinafanana kuanzia Arusha hadi Singida. Aagize makande: mahindi na maharage yaliyochemshwa hadi punje ikubali kupasuka kwa ulimi, kitunguu kilichokaangwa taratibu, nyanya kwa kiasi, maziwa yakiwapo. Magadi yakizidi yataonekana katika rangi na kusikika kooni, na mpishi aliyeharakisha moto hana pa kujificha. Ugali nao uwe wa dona, wenye harufu ya mahindi kamili, maana sembe nyeupe sana imeacha kinuni nusu ya utamu wake.

Mwaka 2010 UNESCO iliuandika upishi wa jadi wa Meksiko katika orodha ya urithi wa binadamu, na mahindi, maharage na pilipili ndiyo nguzo zake. Wenye hoteli wa Mbulu na Hanang wanavyo vyote hivyo sokoni kwao, vibichi na kwa bei ya mkulima. Makande yapewe mstari wa kwanza kwenye ubao wa vyakula.