SUKARI, SEHEMU YA 4: Walianzaje kupima mwili usioisikia insulini?

Msomaji wa Katesh ameniuliza: "Nesi, mzee wangu ni mwembamba, analima Basotu, soda hagusi. Sukari imetoka wapi?" Swali zuri. Jibu lake lina historia, twende taratibu.

Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na kwa miaka mingi madaktari wengi waliona kisukari ni kitu kimoja tu: insulini imepungua. Mwaka 1936 Harold Himsworth, daktari wa London, akawanywesha wagonjwa glukosi na papo hapo akawachoma insulini. Kwa wengine sukari ikatulia. Kwa wengine ikapanda tu, kama vile hawajachomwa kitu. Kumbe wapo ambao insulini inaingia lakini mwili hausikii!

Shida ikawa moja: ilikuwa vigumu sana kuipima insulini yenyewe kwenye damu. Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa New York ndio waliofungua huo mlango, kwa kipimo cha mionzi walichokieleza kwa kina mwaka 1960. Wakakuta wagonjwa wengi wa kisukari cha ukubwani wana insulini, tena wengine nyingi. Yalow alipata Nobel 1977. Berson alikuwa ameshafariki, na marehemu hapewi (mimi hili huwa linaniuma).

Mwaka 1979 kikaja kipimo cha dripu mbili, insulini huku na glukosi kule, saa kadhaa, damu ikichukuliwa kila dakika chache. Kizuri sana, ila kwa wodi ya wagonjwa 40 na manesi wawili, sahau.

Halafu 1985, watu wa Oxford wakarahisisha: damu ya asubuhi kabla ya kula. Sukari zidisha kwa insulini, gawanya kwa 22.5. Sukari 4.5, insulini 5, unapata 1, hiyo ni kawaida. Sukari 9, insulini 15, unapata 6. Mwili huo hausikii.

Sasa rudi Mbulu na Hanang. Haydom ilifunguliwa 1955, kabla kipimo cha Yalow na Berson hakijaelezwa kwa kina. Leo zahanati ikiwa na glukomita inakupa sukari, lakini insulini haipimi. Yaani nusu ya hesabu haipo. Ndo maana tunashika futi ya fundi cherehani na kupima kiuno, maana kitambi na mwili kutoisikia insulini huenda pamoja.

Ila kwa yule mzee wa Basotu futi haisemi kitu. Watafiti wa Uganda miaka ya karibuni wamekuta wagonjwa wengi wapya si wanene, na kwa hao wembamba tatizo kubwa ni kongosho kutoa insulini kidogo. Metfomini husaidia zaidi mwili usiosikia. Insulini ikiwa haitoshi, huenda akahitaji dawa nyingine, hata sindano.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Katesh, mpeleke mzee kliniki na kadi yake. Mwambie daktari amepungua kilo ngapi na tangu lini, kama anakojoa sana usiku, na dawa anazomeza. Asiziache kabla ya kuonwa. Akianza kutapika au kuhema kwa nguvu, usisubiri siku ya kliniki, mkimbize hospitali.

Sehemu ya 5 Jumapili: glukomita na vijiti vyake.