Nafasi ya Mistari Mitano: Plota, Bango na Kiswahili katika Arua na Koboko

Historia ya Kiswahili katika Nile Magharibi imezoea kuandikwa kwa kufuata kambi za jeshi na matamko ya dola: askari waliosajiliwa huko katika King's African Rifles, kisha amri ya 1973 ya Idi Amin, anayenasibishwa na Koboko, iliyokifanya Kiswahili lugha ya taifa. Makala haya yanageukia mahali padogo zaidi, yaani meza ya mtayarishaji wa bango.

Plota ilianza kama chombo cha wahandisi. Calcomp 565 ya 1959 ilichora mistari kwa kalamu. HP DesignJet ya 1991 ilinyunyiza wino, na mashine ya ramani ikawa njiani kuwa mashine ya mabango. Mchoraji wa brashi alifanya kazi mbele ya wapita njia, walioweza kumsahihisha papo hapo. Faili ya plota hukamilishwa mbali na wasomaji wake. Inapotumwa kuchapwa, nafasi ya kila lugha imekwisha kugawanywa.

Ugawaji huo una hesabu yake. Karatasi ya A0 ni milimita 841 kwa 1189. Kanuni ya kawaida ya mabango hudai herufi ya sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Asomaye kutoka mita 9 anahitaji sentimita 7.5. Picha na nembo zikichukua nusu ya karatasi, hubaki mistari mitano hivi, kila mmoja ukitosha maneno "nawa mikono" na si mengi zaidi. Mwishoni mwa Juni 2019 mgonjwa wa Ebola alithibitishwa Ariwara, upande wa Kongo, karibu na Arua. Masoko ya mpaka huo huwakutanisha wasemaji wa Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kilingala na Kiswahili. Lugha tano, mistari mitano, na Kiingereza bado hakijaandikwa. Mpangaji wa faili ya aina hiyo huamua nani aonywe.

Kiswahili si jawabu jepesi hapa. Bibi wa kijijini Koboko huonywa vyema zaidi kwa Kikakwa; Kiswahili hupata uzito wake kivukoni, anapokutana na mchuuzi kutoka Ituri. Kuchapa faili moja kwa zahanati na kwa kivuko ni uamuzi wa bajeti, si wa lugha.

Karatasi huloa, na turubai hugeuzwa paa la kibanda. Mtafiti atakayeuliza iwapo idhini ya baraza la mawaziri ya Julai 2022, kuhusu Kiswahili kama lugha rasmi, ilifika Koboko, atahitaji faili zenyewe pamoja na matoleo yaliyokataliwa. Hizo ndizo hufutwa kwanza diski inapojaa.